Mlango Tuliousahau

Mucunís, 24 Novemba 1985

Dada Benilde,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko ndani wanakuita Sista María wa Maamkio, na ni jina zuri, lakini mimi nililala nawe kitanda kimoja miaka kumi na minne nikipigwa mateke, kwa hiyo kwangu utabaki Benilde.

Naandika haraka maana Jumapili ijayo Majilio yanaanza, na Mama Mkuu wenu ataanza kutupia barua kwenye droo yake hadi Noeli. Nataka hii ikufikie kabla hajaifunga.

Nimechoka, dada. Wala si kuchoka kwa kulima karoti. Karoti nimezaliwa nazo. Nimechoka na mtoto mmoja wa miaka saba mwenye kilo ishirini. Yusmelis ana miezi minane kwetu na bado anakojoa kitandani, na mimi nafua shuka kwa maji ya baridi ambayo unayajua. Anaficha arepa zangu za mahindi chini ya godoro mpaka zinaota ukungu. Nikimuuliza, anasema ni panya. Mume wangu Ovidio akamwambia, "Basi huyo panya ana adabu, anafunga chakula kwenye leso." Hakucheka. Kitu kingine: analala na viatu. Nimemvua, nimembembeleza, nimemgombeza. Asubuhi namkuta anavyo miguuni, kamba zimefungwa fundo mara mbili.

Na ananiita Bi Audelina, kama mpangaji anayeomba funguo.

Tarehe kumi na nne Machi mwaka wa majaribio unakwisha. Hakimu mjini atatuuliza kama tunamchukua awe wetu kabisa au la. Yule afisa wa ustawi wa jamii alisema wengine husema la, na si dhambi. Nilimjibu kwamba kwetu sisi jambo hili lilishaamuliwa. Nikamwambia kuhusu barua yako, pale ulipoandika kwamba ulikuwa mbele ya Sakramenti, ukasikia wazi moyoni kwamba huyu msichana wa Maracaibo ni wangu. Nimeikunja barua hiyo nimeiweka kwenye kitabu cha sala. Siku ambazo nataka kumtupa mtoni naisoma. Siku hizi naisoma sana.

Niombee.

Mdogo wako,
Audelina


Monasteri, 28 Desemba 1985

Mdogo wangu Audelina,

Noeli njema kwako, kwa Ovidio na kwa mtoto.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya droo. Niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kwenye chuma cha kuchomea hostia. Mwaka huu wamenirudisha huko, kwa sababu Sista Edicta macho yamemwisha. Tunachoma hostia za Misa za parokia kumi na tisa. Vidole vyangu havina alama tena, vimeungua vyote. Nikitenda uhalifu hawatanikamata. Usidhani ndani ya kuta hizi watu wanaelea. Mimi hulala kwenye Masifu ya Asubuhi nikiwa nimesimama.

Nakutumia mfuko wa vipande vilivyobaki baada ya kukata hostia. Havijabarikiwa, ni unga na maji tu. Mpe mtoto ale, watoto wanavipenda.

Kuhusu viatu: mwache alale navyo. Havimuumizi mtu isipokuwa shuka zako.

Kuhusu lile nililoliandika juu ya sala yangu, usilishike sana kuliko unavyomshika mtoto mwenyewe. Mungu huongea kwa njia nyingi. Sali rozari, kula vizuri, usifue shuka siku za baridi kali.

Akupendaye,
Benilde


Mucunís, 20 Januari 1986

Dada,

Leo nina habari njema na naomba uisome umekaa. Wametuibia Mtoto.

Ndiyo, ile sanamu ya Mtoto Yesu ya mama yetu, yule mwenye kidole kilichovunjika. Jumamosi nimeenda kumpangusa vumbi kwenye pango la Noeli, nikakuta nyasi tupu. Nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu. Tangu mama afe hakuna aliyetuibia. Miaka kumi na miwili nimemsimamisha Mtoto mwenyewe, mimi na Ovidio, na divai ya chupa ndogo, kwa sababu nani ataiba kwenye nyumba isiyo na watoto? Sasa wameona tuna mtoto, wakatuhesabu. Naapa ni jirani Tulia. Nilipompitia dukani alijifanya kuangalia vitunguu.

Nimepanga msako uwe Jumamosi, tarehe mosi, mkesha wa Mtoto kutolewa Hekaluni. Mpiga fidla nimeshamwambia. Keki nitaoka tatu. Leso ya hariri ya mama ya kumbebea nimeifua na kuipiga pasi.

Yusmelis hajui lolote, Maracaibo hawana mambo haya. Nikamkalisha nikamweleza. Nikamwambia, "Mtoto asiposimamishwa mapema huibiwa. Anayemwiba anamficha kwake, anamtunza. Sisi tunatoka na mishumaa, tunaimba, tunabisha nyumba kwa nyumba mpaka tumpate. Tukimpata tunamrudisha kwenye leso, wasimamizi wanne kila mmoja pembe yake, tunamsimamisha pangoni. Akishasimama, hakuna wa kumchukua tena mwaka mzima."

Akauliza, "Na wasipomtafuta?"

"Hutafutwa siku zote."

"Kila nyumba wanabisha?"

"Kila nyumba."

Halafu akauliza kama atapata keki hata kama si mwenyeji. Nikamwambia yeye atakuwa Bikira Maria, atatangulia mbele. Nimemshonea vazi la buluu kutokana na lile pazia la sebuleni. Siku hiyo, dada, hakukojoa kitandani. Siku moja tu, lakini nimeiandika kwenye kalenda.

Vipande vya hostia alivimaliza kwa siku mbili. Nadhani vingine viko chini ya godoro.

Audelina


Monasteri, 29 Januari 1986

Mdogo wangu,

Nimewasimulia masista habari ya wizi na Sista Edicta amelia, yeye ni wa kwetu huko juu. Tutawasha mshumaa Jumamosi saa hiyohiyo. Huyo Bikira mwenye pazia nimempenda.

Lakini kumbuka Jumatano ya Majivu mwaka huu ni mapema, tarehe kumi na mbili, na droo itafungwa hadi Pasaka. Ukitaka nijue mambo yalivyokwenda, andika mara moja.

Benilde


Mucunís, 11 Februari 1986

Benilde,

Naandika kama ulivyosema, ingawa nimechelewa siku kumi na ni heri ningenyamaza.

Jumamosi ile saa tisa Yusmelis akasema tumbo linamuuma, haendi. Nikamgusa, hana homa. Nilijua ni ukaidi, lakini watu walishajaa uani na mpiga fidla anakunywa. Nikamvika mjukuu wa Tulia shuka nyeupe akawa Bikira. Tukatoka watu hamsini, mishumaa mikononi, upepo unaizima, tunaiwasha. Nilimfuata Tulia moja kwa moja. Akafungua mlango, akaniangalia usoni, akasema, "Audelina, Mungu ni shahidi, mimi Mtoto wenu sina." Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo. Tukaenda nyumba ya pili. Hawana. Ya tatu. Ya nne. Kufika ya saba hakuna aliyekuwa anaimba. Tulibisha nyumba kumi na moja, dada, nyumba zote za Mucunís. Katika ya mwisho mzee Abigaíl aliniambia kwa upole, "Binti yangu, huenda mlimweka mahali mkasahau." Kama vile mimi ni kichaa.

Tukarudi kula keki, maana keki zipo na watu wana njaa. Nikaenda chumbani kuchukua sahani zaidi. Nikamkuta amekaa kitandani. Amevaa lile pazia la buluu na viatu vyake. Mtoto yuko magotini, amefunikwa kwa sweta yake ya shule. Juu ya kigoda ameweka kipande cha mshumaa kwenye kisosi, na vile vipande vya hostia amevipanga, na glasi mbili zina maji yenye rangi ya bitiruti, kama divai. Alikuwa anafanya karamu yake mwenyewe, wakati mimi nachekwa na kijiji kizima.

Nilimpiga kofi. Sijawahi kupiga mtoto. Na mbele ya Tulia aliyekuwa ameingia nyuma yangu, nilimwambia, "Nitakurudisha ulikotoka." Hakulia. Alimlaza Mtoto kwenye mto taratibu, akaniuliza, "Lini?"

Tangu siku hiyo anaongea na mimi kama mtu anayelipia chumba. Tafadhali, asante, ndiyo Bi Audelina. Anakojoa kila siku.

Mtu anafanya hivyo kwa nini? Namuuliza kila siku. Ovidio anasema nimwache. Ovidio hafui shuka.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Rudi mbele ya Sakramenti uulize tena. Kama bado ni wangu, niandikie hata neno moja, nitavumilia. Kama ulisikia vibaya, niambie, nimrudishe tarehe kumi na nne kabla sijawa mtu mbaya. Barua hii naipeleka mimi mwenyewe kwenye lori la posta kesho alfajiri. Ikifika baada ya majivu, mwombe Mama Mkuu. Mwambie ni maisha ya mtu.

Audelina


Monasteri, Jumatatu ya Pasaka, 31 Machi 1986

Audelina,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu Februari. Jana baada ya Masifu ya Jioni Mama Mkuu alifungua droo akagawa barua. Yako ilikuwa ya chini kabisa. Siku arobaini na sita ilikuwa milango miwili kutoka kitandani kwangu, na mimi nikiwaombea nyinyi watatu kila siku kwa furaha, nikiwaona mnakula keki.

Tarehe kumi na nne imepita. Sijui naandika kwa mama au kwa nani.

Sina cha kuuliza tena mbele ya Sakramenti, kwa sababu hata mara ya kwanza sikusikia kitu. Nisome vizuri. Sikusikia kitu. Mwaka ule ulikuwa unaniandikia kila juma, unalia kwa kukosa mtoto, kurasa sita, saba, na mimi nilikuwa nauguza masista wawili na silali. Padre mmoja alipotutajia msichana wa Maracaibo, niliona njia ya kukunyamazisha. Nikakuandikia kwamba Mungu amesema. Nilichoka nawe, mdogo wangu, nikamsingizia Mungu. Nimeungama leo asubuhi. Padre amenipa malipizi mepesi mno, basi zito ni hili la kukuandikia wewe.

Kama umemrudisha, nusu ya kosa ni yangu, na ile nusu kubwa.

Lakini nimeisoma barua yako tangu jana mara nyingi kuliko ulivyoisoma yangu ya uongo, na kuna jambo halinitoki. Unasema alikuwa anafanya karamu yake mwenyewe. Glasi zilikuwa mbili, Audelina. Nani anaweka glasi mbili kama hatarajii mgeni? Amevaa, amewasha mshumaa, Mtoto yuko tayari magotini. Ulimwambia mwenyewe kwamba mtabisha kila nyumba. Mlibisha zote kumi na moja. Kwake hamkubisha.

Kama yupo hapo, nenda sasa hivi. Kama hayupo, niambie yuko wapi, nitamwandikia mimi.

Benilde


Mucunís, 12 Aprili 1986

Benilde,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni na nikaunguza arepa sita. Kwa siku nne sikutaka kukujibu. Nilikuwa natunga barua kichwani huku nang'oa karoti, na zote zilikuwa za matusi. Zaidi ya mwaka nimebeba karatasi yako kwenye kitabu cha sala kama dawa, kumbe ilikuwa maji matupu. Nimekasirika na nitaendelea kukasirika kwa muda, usije ukadhani barua hii ni msamaha. Lakini wewe unachoma hostia bila kujua kilichotokea huku, na hilo pia si haki.

Nilisubiri jibu lako. Nilijua kuhusu droo, lakini mtu akiwa na shida hudhani droo itafunguka kwa ajili yake. Ilipofika tarehe kumi Machi nikasema basi, kunyamaza nako ni jibu. Nikamfungia nguo zake kwenye mfuko. Nilipiga pasi hadi soksi. Nikauweka mfuko nyuma ya mlango wetu ili asiuone, na bila shaka aliuona.

Jumanne asubuhi hayupo. Shuleni hakufika. Ovidio akakimbia barabarani kuwauliza madereva wa malori, mimi nikazunguka bustani ya vitunguu nikimwita mpaka sauti ikanikauka. Kulikuwa na ukungu, na ile mvua nyembamba unayoijua. Nilikuwa nimemfungia mfuko wa kuondoka, na sasa ameondoka. Nilikaa chini kwenye matope. Hapo ndipo nilipojua, dada, bila Sakramenti na bila wewe.

Saa tisa mjukuu wa Tulia akaleta kikaratasi, akakimbia. Hakina jina. Kimeandikwa kama wanavyoandika wezi wa Mtoto kila Januari: "Mtoto wenu yupo salama. Njooni na mishumaa. Muanze mlango wa kwanza."

Mwandiko wa Tulia naujua, ananiandikia bei za vitunguu. Nilitaka kukimbia nikamvunjie mlango. Nikafika mpaka uani kwake. Alikuwa amesimama kizingitini, mikono kiunoni. "Leo hapa ni nyumba ya kumi na moja," akaniambia. "Nenda kaanze ya kwanza. Tena imba, yuko anasikiliza."

Nikamwambia ni Kwaresima, hakuna kuimba wala fidla. "Hayo muachie paroko," akasema. Halafu akashusha sauti. Kumbe alikuwa amemkuta asubuhi kwenye ghala la viazi, amejikunja nyuma ya magunia. Alipotaka kuja kunita, Yusmelis alimshika sketi. Akamwambia, "Usiwaambie. Subiri tuone kama watabisha." Tulia aliniambia hivyo na macho yake yakiwa mekundu, na mimi pale uani nikakumbuka glasi mbili. Uliziona kutoka nyuma ya ukuta wako kwa kusoma barua tu. Mimi nilizifuta kwa mikono yangu na kuzirudisha kabatini, sikuona kitu.

Tukaanza mlango wa kwanza, mimi na Ovidio, mishumaa miwili. Niliimba kwa hii sauti yangu ya mbuzi. Mzee Abigaíl akafungua, akatuangalia, akadhani sasa nimerukwa na akili kabisa. Nikamwambia, "Tunamtafuta mtoto wetu." Akaingia ndani akatoka na taa yake na mkewe. Nyumba ya tatu walitoka watano. Mpiga fidla alikuja bila fidla, kwa heshima ya Kwaresima, akawa anapiga kwa mdomo. Hakuna aliyeuliza. Tulipofika kwa Tulia tulikuwa karibu wote, na paroko mwenyewe yuko nyuma, anajifanya anapita.

Nikabisha mlango wa ghala. Nilibisha mara tatu.

Alikuwa amekaa juu ya gunia, ametulia kama abiria, viatu vimefungwa fundo mara mbili. Akanitazama mimi, kisha watu nyuma yangu, akawa anahesabu mishumaa kwa macho.

"Safari hii mmebisha," akasema.

Nikamwomba anisamehe. Nilisema mbele ya watu wote, kwa sababu kofi pia lilikuwa na shahidi. Akaniambia kwamba alipochukuliwa kwa bibi yake, usiku ule, alikaa kwenye kitanda cha kituo cha watoto na viatu miguuni, ili wa kwao wakija kumtafuta wasimsubiri. Alikaa hivyo siku nyingi. "Hawakuja," akasema. "Labda hawakuwa na mishumaa." Ovidio akatoka nje, akajifanya anatazama mvua.

Leso ya mama ni ya hariri, haiwezi kubeba kilo ishirini. Tulia alitoa blanketi. Tukamweka katikati, Ovidio pembe moja, mimi pembe moja, Tulia na mzee Abigaíl zilizobaki, na Abigaíl mgongo wake unaujua. Tulimbeba hivyo hadi nyumbani, tukipumzika kila hatua ishirini. Alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza, anatuambia tumshike vizuri, karibu tumwangushe. Tukamsimamisha sebuleni mbele ya kabati. Keki haikuwepo, tukala mchuzi wa viazi.

Tarehe kumi na nne hakimu aliuliza, nikajibu ndiyo. Halafu akamuuliza na yeye. Akasema, "Mimi nimeshasimamishwa, hawawezi kunichukua." Hakimu si mtu wa milimani, hakuelewa, lakini aliandika.

Usidhani mambo yamekwisha. Jana nimefua shuka. Arepa zipo chini ya godoro, na anaendelea kusema ni panya. Bado ananiita Bi Audelina, ila juzi akiwa na hasira aliniita kwa jina tupu, na Ovidio anasema hiyo ni hatua. Nimechoka vilevile kama Novemba. Usiniombee ishara tena, dada. Niombee jua la kukaushia shuka. Na utume vipande vya hostia, anaviuliza, lakini utume mfuko mkubwa, maana sasa anakula na kuficha.

Barua yako ya kwanza nimeitoa kwenye kitabu cha sala. Sijaichoma. Nimeiweka kwenye droo, siku arobaini na sita, halafu tutaona.

Leo alfajiri nilipoingia kutazama kama kitanda kimelowa, nilimkuta amelala na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa kimeanguka sakafuni, mbali kidogo. Nilikiokota, nikakiweka karibu na mto, pale mkono wake unapofika.

Mdogo wako,
Audelina